Julai tunakwenda korongoni! Je, umejiandaa?



Naona mwaka huu klabu ya historia hapo shuleni kwenu imechangamka. Mmekaa kikao, mwenyekiti kapendekeza safari, na mikono yote imekwenda juu. Safari yenyewe ni ya kwenda Isimila, mkoani Iringa, kwenye lile korongo lenye nguzo za udongo mnaloliona katika picha. Mtaondoka wakati wa kipupwe, mwezi wa Julai. Sasa kila mtu anauliza mambo mawili tu: mchango shilingi ngapi, na tutakula nini?

Maswali mazuri. Lakini kabla hamjaanza kuchanga, hebu nikupe kisa kimoja. Ni cha kweli, mimi mwenyewe nilikuwepo.

Kisa cha binti aliyenyamaza

Miaka michache iliyopita niliombwa kusindikiza wanafunzi wa shule moja ya hapa mjini Songea. Shule siitaji, maana si vizuri. Safari ilikuwa hiyohiyo, ya Isimila, na mwezi ulikuwa huohuo, Julai.

Ndani ya basi alikuwemo binti wa kidato cha tatu, mcheshi kweli. Yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Ila nikaona kitu kimoja: kila chupa ya maji ilipopita, yeye aliipitisha kwa jirani yake. Nikamwuliza, "Vipi mdogo wangu, hunywi?" Akacheka. "Dada, basi halina choo. Nikiomba gari lisimame, hawa kaka watanicheka mpaka Iringa."

Tulichelewa njiani, giza likatukuta Makambako. Ikabidi tulale pale. Makambako ina upepo, ndugu yangu! Unapita katika sweta la shule kama vile hukuvaa kitu. Saa 7 usiku nikagongewa mlango. Binti yule alikuwa analia kwa maumivu ya miguu na mgongo. Wenzake wakasema ni malaria. Mwingine akasema ni baridi tu, akataka kuingiza jiko la mkaa chumbani. Hapo ndipo rafiki yake aliponivuta pembeni na kuninong'oneza: "Dada, huyu ana selimundu. Alituambia tusiseme."

Tulimkimbiza hospitali. Akawekewa maji ya mshipa, akapewa dawa za maumivu, akafunikwa blanketi. Alilazwa siku mbili, na tunamshukuru Mungu alipona. Isimila hakuiona. Nilipomwuliza kwa nini alificha, alinijibu kwa sauti ndogo: "Ningesema, wasingenichukua."

Je, kosa lilikuwa la nani? Utasema ni la binti. Mimi nasema ni letu sote. Fomu tuliyompa ilikuwa na nafasi ya jina, kidato na kiasi cha mchango. Hakuna hata mmoja wetu, hata mimi mtu wa afya, aliyemwuliza habari ya mwili wake. Ndiyo maana leo nataka tupange safari hii pamoja, hatua kwa hatua.

Kwanza, mnakwenda wapi hasa?

Tanzania hatuna jangwa kama Sahara. Hatuna pia korongo kubwa kama lile la Grand Canyon kule Arizona, Marekani, lenye urefu wa kilomita 446 na kina kinachozidi kilomita moja na nusu. Lakini Isimila itakuonyesha jinsi nchi kavu ya makorongo inavyofanana. Iko kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini, kando ya barabara ya Mbeya. Mvua ya kule ni chache kuliko ya kwetu Songea, majani huwa mafupi na makavu, na ardhi ni ya mchanga na udongo laini. Maji ya mvua yameikata ardhi hiyo kwa maelfu ya miaka, yakaacha nguzo zilizosimama kama watu, ndefu kuliko paa la darasa lenu.

Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja kutoka Afrika Kusini, D. Maclennan, alipita pale akaokota zana za mawe. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu wakiongozwa na Profesa F. Clark Howell walichimba. Walikuta mashoka ya mkono mengi sana, pamoja na mifupa ya aina ya kiboko ambaye sasa hayupo tena duniani. Zana hizo zinakadiriwa kuwa na umri wa miaka 260,000 hivi. Hebu fikiri: mtu alikaa mahali hapo akichonga jiwe, kabla hakujakuwa na Mngoni, Mhehe wala Mzungu!

Na mkiwa Iringa, msiache kupita Kalenga, ambako limehifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Kalenga iko karibu na mji.

Kwa nini Julai ni nzuri, na kwa nini ni ya hatari?

Julai ni nzuri kwa sababu mvua imekwisha. Njia ni kavu, korongo halina maji, na jua la mchana si kali kama la Oktoba. 

Hatari yake ni kwamba siku moja ina majira mawili. Alfajiri ni baridi kali, na saa 7 mchana ni jua na vumbi. Anayejiandaa kwa baridi tu ataungua, na anayejiandaa kwa jua tu atatetemeka.

Chukua somo lako la jiografia ulitumie. Songea iko zaidi kidogo ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Njombe iko karibu mita 2,000. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua nyuzi 6 hivi. Kwa hiyo ukitoka Songea mpaka Njombe unapoteza nyuzi 5 bila kufanya lolote, kabla hata upepo haujaanza! Kule Njombe, usiku wa Juni na Julai, joto huweza kushuka karibu na sifuri, na asubuhi ukakuta umande umeganda juu ya majani. Ndiyo maana watu wa kule hukusalimia "Kamwene" wakiwa wamevaa makoti mazito huku wewe umevaa fulana ya mpira.

Baridi: vaa kama kitunguu

Mwili wako ni kama jiko. Unatengeneza joto kutokana na chakula, na joto hilo hutoka kupitia ngozi. Upepo unalichukua, nguo iliyolowa inalichukua haraka zaidi. Kinachokuhifadhi ni ile hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo. Kwa hiyo nguo nne nyepesi zinashinda koti moja zito. Vaa kama maganda ya kitunguu: fulana, shati, sweta, kisha koti la kuzuia upepo. Jua likipanda, unamenya ganda moja moja. Jioni unayarudisha.

Huna koti? Si lazima ununue jipya. Pita kwenye mitumba pale sokoni mwezi mmoja kabla, ukachague taratibu. Soksi za sufi, kofia ya kufunika masikio na skafu ni vitu vidogo ambavyo utavishukuru. Hata kanga ya mama shingoni inasaidia. Na ubebe soksi za akiba, maana miguu ikilowa, mwili mzima unapoa.

Utajuaje kwamba mwenzako amezidiwa na baridi? Anatetemeka bila kukoma, anaongea kwa kuburuza maneno kama mlevi, anajikwaa, hataki kufanya kitu. Usicheke! Mwingize ndani, mvue nguo zilizolowa, mvike kavu, mfunike blanketi pamoja na kichwa. Kama ana fahamu zake na anaweza kumeza, mpe chai ya moto yenye sukari. Usimkalishe karibu kabisa na moto, wala usimsugue mikono na miguu kwa nguvu. Akiacha kutetemeka lakini akawa mzito na haelewi anachoambiwa, hapo hajapona, amezidi. Mpelekeni hospitali mara moja.

Halafu kuna wale washikaji watakaosema, "Tupate komoni kidogo, au ulanzi, tupashe mwili joto." Nisikilize vizuri. Pombe haileti joto, inalitoa. Inapanua mishipa midogo ya damu chini ya ngozi, kwa hiyo unahisi uso umepata moto, kumbe joto la ndani linakimbilia nje. Dakika chache baadaye uko baridi kuliko mwanzo, na akili ya kulijua hilo huna tena.

Jiko la mkaa chumbani: usithubutu!

Hili naliandika peke yake kwa sababu linaua watu wazima na watoto, na linaua wakiwa usingizini.

Chumba ni cha baridi, mhudumu wa nyumba ya wageni ana huruma, anawaletea jiko lenye mkaa uliokolea. Mnafunga mlango na dirisha ili joto lisitoke. Mkaa unaoungua kwenye hewa chache hutoa kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu, kwa hiyo pua yako haitakuonya. Ndani ya damu, himoglobini ndiyo inayobeba oksijeni. Lakini himoglobini huipenda kaboni monoksaidi zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Inaibeba hiyo, oksijeni inakosa nafasi, na ubongo unakosa hewa huku mapafu yanapumua kama kawaida.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Kama watu wawili au watatu wa chumba kimoja wameumwa kichwa kwa pamoja, msitafute panadoli. Tokeni nje kwanza! Fungueni madirisha na milango, mtoeni asiyejiweza, kisha hospitali.

Sheria ni moja: moto wote ubaki nje. Mkitaka joto chumbani, ombeni mablanketi zaidi, laleni na soksi na kofia, na mle vizuri kabla ya kulala.

Maji: kiu itakudanganya

Watu wengi hufikiri maji ni ya wakati wa joto. Si kweli. Kwenye hewa baridi na kavu, kila ukipumua unatoa maji. Ule moshi unaouona ukitoka kinywani asubuhi ni maji ya mwili wako. Baridi pia hufanya figo zitoe mkojo mwingi zaidi. Na jasho la korongoni hukauka kabla hujaliona, kwa sababu ya upepo. Unapoteza maji kwa njia tatu, na kiu husikii!

Kipimo rahisi ni mkojo. Ukiwa mweupe au wa njano hafifu, uko salama. Ukiwa wa njano iliyokolea kama chai ya rangi, kunywa sasa hivi.

Sasa turudi kwa yule binti na kicheko cha kaka zake. Dada zangu, najua kwa nini hamnywi safarini. Lakini kukaa na mkojo saa nyingi na kujinyima maji ni njia fupi ya kupata maambukizi ya njia ya mkojo. Dawa yake ni mpango. Kabla ya kuondoka, mwalimu akubaliane na dereva kwamba gari litasimama kila baada ya saa mbili, mahali penye choo, aombe mtu asiombe. Hapo hakuna wa kuchekwa, kwa sababu ni ratiba. Na ninyi kaka, mnaocheka, jiulizeni: ni dada yako angekuwa ndani ya hilo basi, ungecheka?

Hesabu ya maji ni hii. Siku ya korongoni kila mtu awe na lita 3 kwa siku nzima. Mkiwa wanafunzi 30 na walimu watatu, ni watu 33. Zidisha kwa 3, unapata lita 99. Hayo ni madumu matano ya lita 20. Yachemsheni jioni yake au tumieni dawa ya kutibu maji kama maelekezo yake yanavyosema. Msitegemee kwamba mtayakuta njiani.

Bebeni pia pakiti kumi za chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini, ile tunayoiita ORS. Pakiti moja unachanganya na lita moja ya maji safi na salama. Mkiwa hamna pakiti, changanya lita moja ya maji safi na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Mtu akianza kuharisha au kutapika, anywe kidogo kidogo, mara nyingi.

Ndani ya korongo

Ingieni mapema, saa 2 asubuhi, mtoke kabla ya saa 6. Mkifuata mpangilio huo mtakwepa jua la utosini, na picha zenu zitapendeza. Nendeni na mwongoza wageni wa pale kituoni, msimpite.

Kwanza, nguzo zile ni za udongo na mchanga, si za mwamba. Ukipanda juu yake ili upigwe picha, zinaweza kumeguka nawe. Kadhalika usisimame ukingoni juu ya korongo, wala usipumzike chini ya ukuta wenye ufa. Na zana za mawe uziache pale zilipo. Zimekaa miaka 260,000, usizitoe wewe.

Pili, nyoka. Asubuhi ya baridi nyoka hutoka kuota jua, na kifutu hana haraka ya kukimbia. Vaa viatu vya kufunika, si kandambili. Usiingize mkono kwenye shimo au chini ya jiwe. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa, huenda nge amelala humo. Mtu akiumwa na nyoka, mtulize, mlaze, mvue pete na viatu. Mfunge ubao au fimbo kwenye mguu ili usichezecheze, kisha mbebeni mpaka hospitali. Usimchanje, usinyonye sumu, usifunge kamba ya kukaza, na usipoteze muda na jiwe jeusi.

Tatu, jua. Hewa ya nyanda za juu ni nyepesi na mionzi yake ni mikali hata kama unasikia baridi. Kofia pana na shati la mikono mirefu ni kwa kila mtu. Kwa mwenzetu mwenye ualbino ni lazima, pamoja na mafuta ya kuzuia jua na miwani. Mpangieni nafasi ya kivuli bila yeye kuomba.

Nne, na hili ni la kukumbuka maisha yako yote: korongo ni njia ya maji. Leo ni kavu, lakini halikuchimbwa na upepo tu. Tarehe 12 Agosti 1997, kule Arizona, watalii 11 walikufa ndani ya korongo jembamba la Antelope. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, maji yakaja kama ukuta. Jirani zetu Kenya nao waliona. Aprili 2012 vijana saba waliokuwa kwenye matembezi ya kanisa walikufa ndani ya korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha. Septemba 2019 watu wengine saba wakafa kwa mafuriko ya ghafla katika hifadhi hiyohiyo.

Julai hakuna mvua Isimila, kwa hiyo msiogope bure. Lakini utafika siku moja kwenye korongo lingine, mwezi mwingine. Uliza wenyeji habari za mvua, siyo ya pale uliposimama tu bali na ya milimani juu yake. Ukiona maji yanaanza kutiririka au yamebadilika rangi, ukisikia mngurumo, panda juu. Usikimbie kufuata bonde, maji yanakimbia kuliko wewe. Acha begi, acha simu, panda!

Homa si lazima iwe ya baridi

Sisi wa Ruvuma tunaishi na malaria. Njombe ni baridi, mbu wake ni wachache. Lakini vimelea havishuki kwenye basi ukivuka mpaka wa mkoa. Unaweza kuumwa na mbu Songea leo, ukaanza kutetemeka Iringa wiki ijayo, na kila mtu akasema "ni baridi tu." Kwa hiyo homa yoyote safarini ipimwe. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu ndani ya dakika chache. Usimeze dawa mseto ya kubahatisha uliyopewa na rafiki.

Siri yako ni yako, lakini mtu mmoja ajue

Sasa tumefika penye moyo wa makala hii.

Selimundu ni ugonjwa wa kurithi. Chembe nyekundu za damu, zikikosa maji au oksijeni, hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Sehemu iliyozibwa inauma vibaya sana. Vinavyochochea ni baridi, kiu, uchovu na hewa nyepesi ya mlimani. Ukiangalia vizuri, safari yetu ilimpa yule binti vyote vinne kwa siku moja.

Je, ina maana mwenye selimundu asisafiri? Hapana! Ina maana aonane na daktari wake kabla, anywe maji, avae vizuri, atumie dawa zake, asichoshwe, na awepo mtu anayejua la kufanya. Vivyo hivyo kwa mwenye pumu, ambaye vumbi na baridi vinaweza kumbana. Pampu yake ikae mfukoni, si ndani ya begi lililofungwa juu ya basi. Vivyo hivyo kwa mwenye kifafa, kisukari, au anayetumia ARV. Dawa zibaki kwenye mkoba wa mkononi, za siku zote za safari na za siku tatu za akiba. Saa ya kumeza dawa haibadiliki kwa sababu uko safarini.

Hulazimiki kumtangazia mtu yeyote mbele ya paredi. Chagua mtu mzima mmoja unayemwamini: mwalimu, matroni, au mtoa huduma ya afya. Mweleze yeye. Na wewe uliyeaminiwa, iwe mwalimu au rafiki, kazi yako ni mbili: kutunza siri, na kujua dalili. Yule rafiki aliyenivuta pembeni usiku ule hakuvunja urafiki. Aliokoa maisha. Siri ni ya kutunza mpaka pale inapotaka kuua.

Walimu wangu, naomba na ninyi mnisikilize kidogo. Mwanafunzi atasema ukweli kama anajua hataachwa. Mkitangaza kwamba "wagonjwa hawaendi," mmetengeneza waongo. Tangazeni hivi: "Kila mtu anakwenda, ila tunataka kujua tukusaidieje." Fomu iwekwe kwenye bahasha, isomwe na mtu mmoja.

Kulala na kulindana

Vyumba vya wasichana na vya wavulana viwe mbalimbali, na mwalimu wa kike awepo. Wasichana bebeni pedi hata kama siku zenu bado, safari hubadilisha ratiba ya mwili. Mtu yeyote, awe mwanafunzi, dereva au mkubwa yeyote, akikwambia mtoke wawili wawili usiku, una haki ya kusema hapana na kwenda kumwambia mwalimu. Hapana haihitaji maelezo. Tembeeni watatu watatu.

Ratiba ya siku tatu

Siku ya 1: Kuondoka Songea saa 12 asubuhi. Safari ni ya zaidi ya kilomita 400, kupitia Madaba, Njombe, Makambako na Mafinga. Dereva asikimbize, hasa kwenye kona za Lukumburu. Mikanda ifungwe, na asizidishe abiria. Njombe, Makambako, Mafinga na Iringa kote kuna hospitali, andikeni namba za simu zao kabla. Mfike Iringa kabla ya giza, mle, mlale mapema.

Siku ya 2: Isimila saa 2 asubuhi. Mchana kupumzika na kula, jioni Kalenga.

Siku ya 3: Kurudi, kwa mwanga wa mchana.

Usisahau kubeba

• Nguo za "kitunguu", kofia mbili (ya jua na ya baridi), soksi za akiba
• Blanketi au shuka zito
• Chupa ya maji ya lita moja na nusu yenye jina lako
• Viazi vitamu, mayai ya kuchemsha, karanga na ndizi za njiani. Wali wa jana acha nyumbani
• Sabuni, pedi, mafuta ya kupaka midomo
• Dawa zako, na kadi ya bima kama unayo
• Tochi na filimbi
• Karatasi yenye jina lako na simu ya mzazi

Kabla sijakuaga

Yule binti wa Makambako alikwenda Isimila Julai iliyofuata. Safari hii alikuja kwangu mwenyewe, wiki mbili kabla, akiwa na barua ya daktari. Alivaa koti la kijani la mtumba lililomfika magotini, na chupa yake ya maji aliifunga shingoni kwa kamba. Basi lilisimama kila baada ya saa mbili. Kaka zake waliteremka wa kwanza, maana nao walikuwa wamebanwa, ila mwaka uliopita walikuwa wanaona haya kusema! Saa 3 asubuhi tulikuwa chini ya zile nguzo, na yeye ndiye aliyeanzisha wimbo.

Jadilini kwenye klabu yenu:

1. Fomu ya safari ya shule yenu inauliza nini kuhusu afya? Mngeongeza swali gani?
2. Ni kwa nini wanafunzi huficha maradhi yao? Ninyi mnachangiaje?
3. Wenzenu wawili wanaumwa kichwa na wana kichefuchefu, na kuna jiko la mkaa chumbani. Mtafanya nini kwanza?
4. Pigeni hesabu: mko wanafunzi 45 na walimu wanne. Mnahitaji madumu mangapi ya maji kwa siku ya korongoni?

Safari njema, na mrudi wote.